Nani Anaishi Kizamani?

Iko sentensi inayopendwa sana na watu wanaoshuka kutoka Sumbawanga kwenda mwambao wa Ziwa Tanganyika. Utaisikia vikaoni Namanyere, utaisikia kwa mnunuzi wa samaki aliyelala usiku mmoja Kipili, na ndani ya basi utaisikia kwa abiria ambaye hajawahi hata kuliona ziwa: "Wale bado wanaishi kizamani." Husemwa kwa upole, mara nyingine kwa huruma kabisa, na wanaosikiliza hukubali. Mazungumzo huishia hapo. Mimi nasema hapo ndipo yalipopaswa kuanza, kwa sababu kielezi hicho, kwa jinsi kinavyotumika juu ya Ufipa na mwambao wake, kinachukua deni la mtu mmoja na kuliandika kwenye daftari la mwingine.

Sarufi yenyewe inaeleza hila ilipo. Kielezi hufuata kitenzi, na kitenzi kina mtendaji. Ukisema mtu anafanya kazi kivivu, uvivu ni wake. Ukisema anajibu kitoto, utoto ni wake. Ki- hii ya namna humkalia anayetenda, wala haimwachi. Kwa hiyo "wanavua kizamani" si taarifa tu kuhusu nyavu na mitumbwi. Ni taarifa kuhusu wavuvi, kwamba hiyo ndiyo namna yao, ndiyo tabia yao, ndivyo walivyotaka. Ni tofauti na kusema "nyavu za kizamani". Hapo tunazungumzia kitu na umri wake, na msikilizaji anabaki na nafasi ya kuuliza kwa nini nyavu hizo hazijabadilishwa. Watu wengi, wakiwemo waandishi wazuri, huyachanganya maumbo haya mawili kila siku bila kujua kwamba la kwanza limekwisha kutoa hukumu.

Sina ugomvi na neno lenyewe mahali pake. Mahali pake ni mavazi, mitindo ya nywele, muziki, mapambo ya nyumba, yaani mambo ambayo mtu anayachagua. Aliyevaa suruali ya bugaluu leo, pana chini kama zilivyovaliwa miaka ya 1970, amevaa kizamani, na akiulizwa atasema amependa. Kwenye mitumba ya soko la Sumbawanga ipo mitindo ya kila mwongo. Anayechagua ya zamani amechagua. Tena katika eneo hilo Kiswahili kimekuwa na moyo mpana kuliko lugha nyingi ninazozijua. Nyimbo za Salum Abdallah, au za Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979, zilipotoka kwenye mtindo hatukuziita chakavu. Tuliziita zilipendwa. Kitu kimepitwa, lakini jina lake linatunza heshima ya waliokipenda. Ubaya unaanza pale neno la ladha linapohamishwa kutoka kwenye shati na kupelekwa kwenye samaki, barabara, umeme na uzazi, mambo ambayo mtu wa Kipili hakupewa orodha achague.

Chukua dagaa. Wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa inayowavuta juu. Alfajiri mitumbwi inaingia, na kinamama wanaanza kuwamwaga na kuwatandaza mchangani kabla jua halijakaza. Dagaa aliyeanikwa mchangani hubeba mchanga mpaka kwenye sufuria, bei yake hushuka, na mvua ya ghafla ikinyesha kazi ya usiku mzima inaoza mbele ya macho. Hayo hakuna anayeyajua kuliko wao. Asubuhi moja nilimsikia mnunuzi kijana, mwenye haraka, akimwambia mama mmoja pale ufukweni, "Mama, mpaka leo mnaanika kizamani?" Mama hakuacha kutandaza. Alisema, "Baba, lete mbao na wavu wa kichanja. Ukituona tumekataa, rudi uniulize hilo swali." Kijana alinyamaza, akaendelea kupanga bei. Sijasikia mhadhara wa isimu uliofafanua matumizi ya kielezi hicho vizuri kuliko jibu lile. Kuanika mchangani si mtindo. Ni gharama ya mbao na wavu ambayo hakuna aliyeibeba, na mnunuzi huyo huyo anayeshangaa ndiye anayepata dagaa kwa bei ya chini kwa sababu wana mchanga.

Tena, zamani ipi? Wanaosema "kizamani" huzungumza kana kwamba nyuma yetu kuna zamani moja tu, kubwa, ya giza, na sisi tumetoka humo siku ya juzi. Ziwa Tanganyika linakanusha. Kwanza watu walivua dagaa kwa lusenga, wavu wa kuchota wenye mpini, huku moto wa kuni ukiwaka kwenye mtumbwi. Kisha zikaja karabai za mafuta ya taa, na nyavu za kuinua zinazofungwa kati ya mitumbwi iliyounganishwa. Hizo zilikuwa ndiyo maendeleo, na mwenye karabai alionekana ameukata. Sasa zimekuja taa za sola, na karabai iliyokuwa fahari ya baba imekuwa kizamani cha mwana. Hakuna kilichoharibika katika karabai. Ni kwamba foleni imesogea.

Meli inasema vilevile. Ile tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kupanda reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina lililotokana na jina la kale la ziwa hilo upande wa kusini. Kwa miongo mingi ndiyo iliyowaunganisha watu wa Kipili na Kigoma upande mmoja na Kasanga na Mpulungu upande mwingine, na katika vituo vingi abiria walishuka kwa kuning'inia ubavuni mwa meli, wakipokewa na boti ndogo zilizokuwa zikirushwa na mawimbi, mama na mtoto mgongoni, gunia juu ya gunia. Mtalii aliyepanda meli hiyo alisema amesafiri kihistoria. Mfipa aliyepanda meli hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, akishukia kwenye boti hiyo hiyo, aliambiwa amesafiri kizamani. Meli ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja alikuwa na njia nyingine na mwenzake hakuwa nayo, na kielezi kikaitafsiri tofauti ya mfuko kuwa tofauti ya akili.

Ukirudi nyuma zaidi, unakutana na zamani ambayo hakuna mtu mwenye sababu ya kuionea aibu. Uwandani Ufipa bado yamesimama mabaki ya malungu, matanuru ya udongo yenye urefu wa mita 3 hivi, yaliyoyeyusha chuma bila mivuo: tanuru lenyewe, kwa urefu wake, lilivuta hewa kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili kwenye tanuru dogo la kintengwe, hapo sasa kwa mivuo. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania aliyechunguza uhunzi wa eneo hili miaka ya 1990, ameonyesha kwamba hapakuwa na ufundi mmoja tu. Katika nchi ya Nkasi na mwambao wake kulikuwa pia na ufundi mwingine, wa katukutu, wenye tanuru fupi na hatua zake tofauti. Kwa hiyo hata wahunzi walikuwa na mapya na makuukuu yao. Uhunzi huo ulikufa katika karne ya 20, na jembe la dukani kutoka ng'ambo ni sehemu kubwa ya sababu. Wafipa hawakuacha chuma kwa kuchoka kufikiri.

Lakini mfano ninaotaka kukaa nao ni ntumba, maana hapo kielezi chetu kimefanya uharibifu mkubwa kuliko popote. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya nyasi. Miti ni michache. Majirani zetu wa misitu ya miombo waliweza kukata matawi, kuyachoma na kulima kwenye majivu. Sisi hatukuwa na miti ya kuchoma. Wazee wakatafuta jibu lingine. Mvua zikiwa zinaelekea mwisho na udongo bado laini, mkulima hukata tabaka la juu la ardhi pamoja na nyasi zake kwa jembe, hulipindua, huliweka nyasi kwa nyasi, na kuinua tuta la mviringo. Ndani ya tuta nyasi huoza. Juu yake hupandwa maharage, ambayo nayo huongeza rutuba. Msimu unaofuata tuta hubomolewa, ule udongo mweusi husambazwa shambani, na ulezi humwagwa. Magugu yamezikwa, unyevu umehifadhiwa, mbolea imetengenezwa palepale, na hakuna senti iliyotoka mfukoni. Ni kazi nzito ya mgongo, sitaificha. Lakini ni kazi iliyofikiriwa kutoka mwanzo hadi mwisho na watu waliokuwa wakiusoma udongo wao.

Halafu ikaja miaka ya 1970. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, na ndani ya muda mfupi ukahesabiwa pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mbolea ya chumvichumvi ilikuja kwa ruzuku, mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima bila kujali umbali, na ntumba ikapewa jina lake jipya: kulima kizamani. Vijana wakaiona aibu. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, bei moja ikaondolewa na ruzuku ikapunguzwa mpaka ikaisha. Mkulima aliyeko mbali na Dar es Salaam kuliko karibu wote akabaki na udongo uliozoea chumvichumvi na mfuko usioweza kuinunua. Ruzuku imerudi mara kadhaa tangu hapo; ya mwaka 2022 ilikuja baada ya bei ya mbolea duniani kupanda vibaya. Na mwaka 2023 taifa likazindua mkakati wa kilimo ikolojia hai, unaohimiza mboji, kuzika masalia ya mimea na kuchanganya mikunde na nafaka. Naunga mkono mkakati huo kwa moyo wote. Ninachouliza ni kwa nini bibi yangu alipofanya jambo hilo hilo aliitwa mtu wa kizamani, na nani atakayemrudishia mtoto wake ujuzi alioufundishwa kuuonea aibu.

Watakaonipinga wana hoja, nazo ni za kujibiwa. Ya kwanza ni ya watu wa lugha. Wanasema maana ya neno ni vile linavyotumika; kama wasemaji wameamua "kizamani" ni "kwa ujinga" au "kwa uduni", basi ndiyo maana yake, na mtu mmoja hawezi kurudisha maji mlimani. Nakubali kanuni, nakataa ushahidi. Wasemaji hawajaamua hivyo. Nenda soko lolote la kuku, Sumbawanga au Kariakoo, uulize bei. Kuku wa kienyeji ni ghali kuliko kuku wa kisasa, na mnunuzi akishuku amebambikiwa wa kisasa kwa bei ya kienyeji atagomba. Hapo "kisasa" ndiyo sifa ya chini: laini, maji maji, hana ladha. Wasemaji wale wale, kwa kiambishi kile kile, wanapindua thamani yote bila kusita, kwa sababu kwenye kuku wao ndio wanaonunua na wanajua wanachokula. Thamani iliyobandikwa juu ya "kizamani" haikutoka kwenye lugha. Ilitoka kwa yule mwenye uwezo wa kumsema mwenzake.

Na mwenye uwezo hubadilika msimamo akitaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali na chama waliendesha kampeni mbili za mavazi karibu kwa wakati mmoja. Mkoani Arusha, Wamasai waliamriwa kuacha rubega na kupaka ngeu na kuvaa suruali, kwa sababu wanavaa kizamani na wanalitia taifa aibu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zipigwe marufuku Dar es Salaam, kwa sababu ni za kigeni na zinaharibu utamaduni. Mmasai alikosea kwa kubaki nyuma, binti wa Dar alikosea kwa kwenda mbele, na wote wawili hawakuulizwa. Miongo kadhaa baadaye rubega ile ile ipo kwenye mabango ya utalii wetu. Nguo haikubadilika. Ndiyo maana nikisikia mtu anahukumiwa kwa "kizamani" au kwa "kisasa" huwa nauliza kwanza nani anaongea.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na huletwa na watu ninaowaheshimu, wauguzi na walimu waliofanya kazi mwambao. Wanasema: wewe unapamba umaskini. Mama anajifungulia nyumbani bila mkunga aliyefunzwa, mtoto anakunywa maji ya ziwa yasiyochemshwa, na wewe unatetea heshima ya kielezi. Bila kuwatia watu aibu kidogo hawatabadilika. Nawajibu hivi. Sitetei kujifungulia nyumbani. Natetea haki ya jambo hilo kuitwa kwa jina lake. Mama wa kijiji kisichofikika kwa gari, aliyepatwa na uchungu usiku ziwa likiwa limechafuka, hajifungui kizamani. Anajifungua mbali na zahanati, na umbali una kilomita na bajeti. Aibu haijapunguza kilomita hata moja. Barabara ya lami kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga haikuja kwa sababu Wafipa hatimaye walijisikia vibaya. Ilijengwa kwa fedha za mkataba wa Changamoto za Milenia uliosainiwa na Marekani mwaka 2008. Na kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulinunuliwa Zambia kwa kuwa gridi ya taifa haikuwa imefika. Hakuna aliyesema TANESCO inawasha taa kizamani.

Aibu, kwa upande mwingine, inaficha. Anayeambiwa anaishi kizamani hujifunza kutoonyesha anavyoishi. Mgeni akija, vyungu vinaingizwa ndani. Bwana shamba akiuliza kuhusu ntumba, jibu ni kwamba "hatufanyi tena", ingawa tuta liko nyuma ya nyumba. Mama mjamzito aliyetumia dawa ya miti hamwambii muuguzi, na muuguzi anatibu bila kujua. Hao wauguzi ninaowaheshimu ndio wanaonisimulia habari hizo, kisha wanatetea neno linalozizalisha.

Lipo tumizi moja la kielezi hiki ambalo kwangu ni la hatari kabisa. Sumbawanga ina sifa ya uchawi nchi nzima. Hata jina lake, kwa Kifipa, huelezwa kuwa ni wito wa kuutupa. Kwa hiyo shambulio dhidi ya mtu mwenye ualbino likitokea, na Rukwa imeguswa na unyama huo, maelezo huwa tayari: watu hawa bado wanaamini kizamani. Kwa sentensi hiyo mhalifu amepewa ukoo, na kosa lake limepewa umri wa karne. Lakini wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo lilishtua nchi kuanzia mwaka 2007 hivi, katika enzi ya simu za mkononi. Mwaka 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 ikawapiga marufuku wapiga ramli. Wimbi lile lilikuwa soko, lenye wanunuzi wenye fedha na madalali wa kupeleka mzigo. Mwanakijiji aliyetumwa na panga ndiye anayeonekana, na neno "kizamani" linatusaidia tumwangalie yeye tu. Aliyetoa fedha yuko mjini, na upelelezi wake unatakiwa kuanza kwenye miamala ya simu na akaunti za benki za mwaka huu.